Kimbia Ukaanue Nguo

Mama yangu alikuwa haaniki nguo nje. Nyumba yake ina ua mpana, jua linamwagika humo tangu asubuhi mpaka alasiri, na majirani wote wana kamba zao. Lakini shuka za mama zilikaukia sebuleni, juu ya migongo ya viti. Ukimtembelea siku ya kufua ulikalishwa ubavuni mwa foronya mbichi, ukaondoka na bega limelowa. Tulimcheka miaka nenda miaka rudi. Kaka yangu alikuwa akisema mama anaogopa wezi wa soksi. Mimi nilisema ni ubishi tu, maana mama yetu akishaamua jambo, hata umpigie magoti, ng'o.

Mimi ni fundi cherehani, na mtu akipita mbele yangu naona mshono kabla sijaona uso. Labda ndiyo maana nikiukumbuka mwaka ule naona nguo kwanza: bukta ya buluu yenye mstari mweupe pembeni, na kigauni cha njano kilichokunjwa juu ya mapaja ya mama.

Bukta nilimshonea binti wa kaka yangu. Mtaa mzima ulimwita Umeme. Jina alipewa na baba yake alipokuwa bado hajaanza shule, kwa sababu ukimtuma chumvi dukani alirudi kabla hujageuza shingo. Nami nilimwambia kaka, jina lenyewe zuri, ila huyu wako hakatiki hata usiku. Alikimbia kwenda shule, alikimbia kurudi, alikimbia kwenda bafuni na taulo likipepea nyuma. Mama alikuwa akimkemea, "Tembea kama mtu, we mtoto!" Tulidhani ni maneno ya bibi kwa mjukuu. Kila bibi husema hivyo.

Mwaka ule mwalimu wake wa michezo alimchagua kwenda kambi ya riadha wakati wa likizo. Kambini wangetazamwa na walimu kutoka shule ya michezo, na watakaofanya vizuri wangechukuliwa kusoma huko. Umeme hakuwa na wazo jingine kichwani. Kitabu cha hesabu alikuwa akikitumia kupepea jiko. Alikuja kibandani kwangu kupima bukta, akaivaa, akainama, akaruka, akakimbia kuzunguka meza ya kukatia mpaka vifungo vikamwagika sakafuni.

"Shangazi, mpira wa kiunoni unanibana."

"Unakubana kwa sababu hutulii. Nguo haishonwi juu ya panzi."

"Nikichukuliwa ile shule, nitakununulia cherehani ya umeme."

"Na nani atakayeisukuma?"

"Mimi mwenyewe!" akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Nilimtazama pale sakafuni na vifungo vimemzunguka, nikajisikia tajiri.

Kabla ya kambi, kila mtoto alitakiwa apimwe na daktari. Siyo yeye tu, ila wote, mkimbiaji, mruka viunzi, hata wale wa kurusha tufe. Mwalimu alituambia twende na mtu wa nyumbani anayeijua familia vizuri, kwa sababu daktari angeuliza mambo ya ukoo. Wifi yangu alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo kaka alifunga karakana yake ya useremala na akaniomba nimsindikize, maana yeye akiona koti jeupe hupotewa na maneno. Mama hakuombwa na mtu. Tulimkuta mlangoni ameshajifunga leso na pochi iko kwapani.

"Mjukuu wangu hashikwi na daktari nami nimekaa nyumbani," alisema.

Ilikuwa Jumamosi na zahanati ilijaa watoto. Kulikuwa na mabenchi mawili kwenye korido, sakafu bado mbichi kwa dawa ya kupigia deki, na viatu vya watoto vimepangwa ukutani kama vya kuuza. Nesi, mwanamama mnene mwenye sauti ya kuitia watu mtaa wa pili, alikuwa akiwapandisha kwenye mizani mmoja mmoja.

"Vua viatu, usiniibie kilo! Wewe, toa mawe mfukoni. Nimesema toa. Haya, na hilo gololi pia."

Ukutani palikuwa na kibao cha kupimia macho, herufi kubwa juu na ndogo chini. Mtoto mmoja wa kurusha tufe alikuwa amezikariri zote akiwa kwenye foleni, na ilipofika zamu yake alizisoma kuanzia mwisho mpaka mwanzo akiwa ametazama dirishani. Watu wakaangua kicheko. Hata mama alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nayataja haya kwa sababu ndicho kicheko chetu cha mwisho cha muda mrefu.

Umeme alipimwa uzito, akapimwa urefu, akasoma herufi mpaka zile ambazo mimi sikujua kama zipo. Nesi alimfunga ule mkanda wa kupimia shinikizo la damu, akaujaza upepo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatuingiza ndani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Umeme alivua kigauni chake cha njano, akabaki na fulana na bukta yangu, maana alikuwa ameivaa chini tangu asubuhi kana kwamba mbio zingeanzia humo chumbani. Kigauni alimpa bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kona. Daktari alipasha moto kile kipimo cha masikioni kwa kukisugua kiganjani, akamwekea mtoto kifuani, akasikiliza.

Akasikiliza tena pale pale.

"Chuchumaa," akamwambia. "Simama. Chuchumaa tena. Simama."

Umeme alifanya kwa mbwembwe, akidhani anapimwa nguvu za miguu. Daktari akaenda kufunga dirisha, kwa sababu kwenye karakana ya jirani walikuwa wakikata vyuma. Akarudi, akasikiliza kwa mara nyingine, macho kayafumba. Fundi akipitisha kidole mara mbili kwenye sehemu ile ile ya kitambaa, ana sababu.

"Ukikimbia, umewahi kuona kizunguzungu?"

"Hapana," alisema Umeme.

"Kifua kubana? Macho kuingia giza? Kuanguka?"

"Hapana, hapana, hapana." Majibu yalitoka haraka mno, nikamtupia jicho la pembe. Akajifanya anatazama picha ya mifupa ukutani.

Daktari akavuta kiti karibu na kaka. Alieleza taratibu, bila kututisha. Alisema amesikia sauti ndogo kwenye moyo wa mtoto, kama upepo unaopita mahali pembamba. Watoto wengi wanayo, wala haiwadhuru. Ya Umeme ilimtia shaka kidogo, kwa sababu ilipanda aliposimama, lakini sikio peke yake haliwezi kukata shauri. Kilichotakiwa ni picha ya moyo. Mashine yake ilikuwa hospitali kubwa, na foleni ya huko kila mtu alikuwa akiijua.

"Kambi inaanza lini?"

"Jumatatu," Umeme alidakia.

Daktari akakuna kidevu. "Niambieni jambo moja. Kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Ndugu, mjomba, yeyote?"

Kaka alinitazama nami nikamtazama. "Mdogo wetu," kaka alisema. "Kitinda mimba wetu. Lakini yule ilikuwa homa."

"Homa ya namna gani?"

"Homa tu, daktari. Ilimshika mchana, jioni hayupo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kitinda, ndivyo tulivyomwita, alikufa akiwa kijana wa sekondari, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Mimi nilikuwa nimeolewa mbali, nilifika wameshazika. Kaka alikuwa shule ya bweni. Tulimkuta mama amekaa chini, hasemi, na alipofungua mdomo alisema ni homa. Majirani wakasema ni homa, kwa kuwa mama amesema. Tangu hapo homa ya Kitinda ilikuwa kitu kinachojulikana nyumbani kwetu, kama vile mlango wa nyuma unavyojulikana kwamba haufungi vizuri. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza, na mama hakuwa mtu wa kuulizwa.

Daktari alipumua. "Basi, kama kwenu hakuna tatizo la moyo, naweza kumruhusu aende kambini, kwa sharti kwamba wiki ile anayorudi mnampeleka akapigwe picha. Mwalimu asimsukume sana. Tumeelewana?"

Umeme aliruka juu kabla hajamaliza kusema. "Ahsante, daktari! Ahsante!" Akaenda kwa bibi yake, akanyoosha mkono. "Bibi, nguo yangu."

Mama hakumpa. Alikuwa amekishika kile kigauni kwa mikono miwili, amekikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Bibi, nipe basi nivae."

Akakivuta. Mama naye akakivuta. Kwa kitambo walibaki wanavutana kigauni, mtoto akicheka, akidhani ni mchezo, na mimi nikasikia uzi wa begani ukikatika.

"Hakuwa na homa," mama alisema.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika, akaiweka kalamu chini.

"Unasema nini, mama?" kaka aliuliza.

"Mwanangu hakuwa na homa. Alikuwa mzima." Alimtazama daktari, siyo sisi. "Alikuwa amekula, amenitania kwamba chakula hakina chumvi. Mimi nilikuwa nimefua tangu asubuhi, ua mzima umejaa nguo. Mawingu yakatanda ghafla. Nikamwambia, kimbia ukaanue nguo. Akasema, mama, ngoja nivute pumzi kidogo, nimetoka mpirani sasa hivi. Nikamwambia, uvivu huo, kimbia. Akaruka ngazi. Alikuwa haziteremki ngazi, anaziruka. Akafika kwenye kamba, akashika shuka, akaenda nayo chini."

Akakivuta kigauni mpaka mapajani.

"Nilidhani ananifanyia mzaha, kwa sababu alikuwa mtu wa mizaha. Nikasimama barazani namgombeza. Nikamwambia, inuka, unanichafulia shuka." Alikuwa akisugua pale uzi wa kigauni ulipokatika. "Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Unanichafulia shuka. Mvua ikaja ikatukuta pale pale."

"Mama," kaka alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mbona ulituambia..."

"Ningewaambia nini? Kwamba nimemtuma mwanangu akafe kwa ajili ya nguo?"

Nilikuwa nimesimama nimeshika ukingo wa meza. Miaka yote ile ya foronya kwenye viti. Miaka yote tuliyomcheka, mimi nikiwa wa kwanza, na ulimi wangu huu. Alikuwa akizunguka kwenye sebule yenye unyevunyevu na sisi tunamuuliza kuhusu wezi wa soksi.

Daktari aliondoka kwenye meza yake, akachuchumaa mbele ya mama, akamshika magoti. "Mama, nisikilize. Si wewe uliyemuua. Wala si nguo. Kama ni kile ninachokifikiria, moyo wake ulikuwa na tatizo alilozaliwa nalo. Kifo kingeweza kumkuta uwanjani, kingeweza kumkuta kitandani."

"Lakini kilimkuta kwangu," mama alisema.

Daktari alipoinuka alimgeukia Umeme, na mtoto alishaelewa kabla hajaambiwa. Watoto hawahitaji kuambiwa mara mbili kwamba wananyang'anywa kitu.

"Siwezi kukuruhusu, mwanangu. Si kambini, si shuleni, hata kukimbilia basi usikimbilie, mpaka tupate picha."

"Mimi sijambo! Muulizeni mwalimu! Mimi siumwi popote!" Alijipiga kifuani kwa ngumi, kaka akamkamata mkono. "Baba, mwambie! Mimi si huyo wenu, mimi hata simjui!"

Umeme akamgeukia bibi yake. Machozi yalikuwa hayajatoka bado, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umenyamaza siku zote hizo," alimwambia. "Ungenyamaza na leo."

Mkono wangu ulikwenda juu wenyewe. Sijawahi kumpiga yule mtoto, na siku ile ningempiga. Mama ndiye aliyenidaka kwenye kiwiko, kwa nguvu ambazo sikujua kwamba bado anazo.

"Mwache," alisema. "Mwache aseme."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Umeme alitangulia mbele akiwa na bukta yake, kigauni hakutaka hata kukigusa. Kila alipoongeza mwendo kaka alimwita, naye alipunguza, na kila alipopunguza niliona mabega yake yakishuka kidogo. Mama alikuja nyuma na kigauni cha njano mkononi, mshono wa begani umefumuka.

Jumatatu asubuhi basi la kambi lilipita barabara ile ya nyumbani kwao. Watoto walikuwa wakiimba. Wifi yangu aliniambia kwamba Umeme alikuwa amejilaza ameupa ukuta uso, na basi lilipopiga honi aliziba masikio yote mawili kwa mto. Wifi alikaa kitandani akamshika mguu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mama mzazi, na bado hakujua la kumwambia mwanawe.

Zamu yetu ya picha ilifika baada ya kusumbuana sana na hospitali kubwa. Walimpaka mtoto mafuta ya baridi kifuani, na kwenye kioo ukaonekana moyo wake, mweusi na mweupe, unafungua na kufunga. Mtaalamu alituonyesha kwa kidole. Msuli wa upande mmoja ulikuwa umenenepa kupita kiasi, na damu ilikuwa ikipenya kwa taabu. Alisema atapewa dawa za kumeza kila siku. Alisema anaweza kusoma, kuolewa, kuzeeka na kutusumbua sote. Kukimbia ndiko asikoweza.

"Na kutembea?" Umeme aliuliza.

"Kutembea unatembea upendavyo."

"Kwa mwendo gani?"

Mtaalamu alimwangalia vizuri. "Mwendo ambao unaweza kuzungumza na mtu bila kuhema."

Wakasema na sisi tupimwe, kwa kuwa jambo lenyewe hutembea ndani ya damu ya ukoo. Kwa kaka lilikuwepo, dogo, limejikalia tu miaka yote anapobeba mbao. Kwangu halikuwepo. Nilitoka mle na moyo safi, na sijawahi kuionea haya afya yangu kama siku ile. Kaka alikaa kwenye ngazi za hospitali, akavaa kofia, akaivua, akaivaa. "Nimempa mimi," aliniambia. "Nimempa jina, na hili nalo nimempa mimi." Nilimwambia asiseme upuuzi. Kisha nikakaa karibu naye nikalia kwa sauti mpaka mlinzi akaja kutuuliza kama tumefiwa.

Usiku ule Umeme alimwambia baba yake ukweli. Siku ya fainali za shule, alipomaliza kukimbia, macho yaliingia giza akashika nguzo ya goli mpaka mwanga ukarudi. Hakusema kwa sababu angezuiwa kukimbia. Kaka aliponisimulia nilikaa chini. Nilihesabu ngazi zote, mitaro yote na barabara zote ambazo mtoto yule alikuwa amezikimbia baada ya hapo.

Mtaani watoto waliendelea kumwita Umeme, hawakujua jina jingine. Sisi nyumbani jina lilianza kutukwama kooni. Alikuwa akipita mbele ya kibanda changu akienda shule, anatembea katikati ya njia kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, na wenzake wakimpita mbio kulia na kushoto. Siku moja aliingia, akanisalimia vizuri, "Shikamoo, shangazi," akaweka bukta juu ya meza ya kukatia.

"Ifumue," alisema. "Kitambaa bado kizuri, utapata mfuko."

Nimefumua magauni ya harusi ya watu walioachana kabla ya harusi, wala sikupepesa jicho. Nilichukua wembe, nikauweka kwenye mshono, nikashindwa. Alinisubiri. Kisha akachukua wembe mkononi mwangu, akafumua mwenyewe, uzi baada ya uzi, kwa uangalifu, kama nilivyomfundisha.

Na bibi yake, Umeme alikuwa hasemi naye. Alimwamkia, maana alilelewa, lakini baada ya "shikamoo" hakukuwa na kitu. Akipewa chakula alikula, akiulizwa alijibu kwa kichwa. Mama hakulalamika. Alipungua tu. Nilimpunguzia sketi zake kiunoni bila yeye kuniomba.

Kisha siku moja akamwita kaka, akamwambia amfungie kamba uani.

Kaka alidhani amesikia vibaya. "Kamba ya nini, mama?"

"Ya kuanikia. Unajua kamba nyingine?"

Alipokwenda kupigilia misumari kwenye nguzo alikuta kulabu za zamani bado zipo, zimepakwa rangi juu yake pamoja na nguzo yenyewe. Alizikwangua akafunga kamba pale pale. Aliniambia fundo alilifunga mara tatu, na yeye ni mtu wa kupiga msumari akiwa amefumba macho.

Jumapili tulikwenda sote. Mama alikuwa amefua shuka zake zote, hata zile zilizokuwa safi, na ua ulikuwa umejaa weupe. Hakueleza, nasi hatukuuliza. Tulikaa barazani, wifi akichambua mboga, kaka akirekebisha mguu wa kigoda. Umeme alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mgongo katuelekezea sisi, kidevu juu ya magoti.

Mchana upepo uligeuka. Mawingu yalikuja kutoka upande wa nyuma ya nyumba, kwa hiyo hatukuyaona mpaka yalipokuwa juu yetu. Shuka zikaanza kujipiga. Tone la kwanza likaanguka kwenye bati, na la pili.

Kila mtu alitazama kamba. Wifi alishusha bakuli. Kaka alishika kigoda hakukiweka chini wala hakukiinua. Neno lilikuwa midomoni mwetu sote, neno ambalo mtu hulisema bila kufikiri kila mvua inapokuja, na hakuna aliyelisema. Nilimtazama mama. Alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, mkono mdomoni, ameubana.

Umeme aliona. Miguu yake ilijikusanya yenyewe chini yake, visigino vikainuka, na mimi naijua miguu ile, nimeipima. Nilitaka kupiga kelele. Akabaki hivyo kwa muda, mwili mzima umetulia kama aliye kwenye mstari akisubiri filimbi. Halafu visigino vikashuka.

Akainuka, akatembea.

Alivuka ua polepole, mvua ikiongezeka, fulana ikimgandia mgongoni. Alifika kwenye kamba akatoa kibanio cha kwanza. Mama alishuka ngazi bila kujifunika kichwa, akaenda kwa mwendo ule ule, akasimama upande wa pili wa shuka.

"Zinalowa, bibi," Umeme alisema. Ukiacha shikamoo, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu zahanati.

"Ziache zilowe."

Waliteremsha shuka ya kwanza. Ilikuwa nzito kwa maji, wakaishika kila mmoja kwa ncha zake, wakaanza kuikunja katikati ya mvua kana kwamba ni kavu, wakisogeleana, wakiachana, wakisogeleana. Waliposogeleana mara ya mwisho mtoto aliweka paji la uso begani kwa bibi yake, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mama alikuwa akimwambia kitu ambacho mvua haikutuachia tukisikie.

Nami mguu wangu mmoja ulikuwa umeshafika ngazi ya pili, nikawakimbilie. Kaka alinishika mkono. Tukakaa tena barazani, tukiwangoja waanue nguo zote.